Kabla ya kukubali goti bandia: namna ya kufikia uamuzi na daktari wa mifupa

Shangazi alishuka kwenye basi la Korogwe akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na picha tatu za eksirei za goti la kulia, zilizopigwa ndani ya miaka mitatu, kila moja hospitali yake. Kila aliyefungua bahasha ile aliinua picha kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akasema goti limesagika. Wa mwisho alisema dawa ni goti bandia, familia ianze kuchanga.

Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba. Wagonjwa wengi ninaokutana nao wametoka chumba cha upasuaji jana yake, na mimi ndiye ninayewaambia wasimame. Nimeshawaona waliofurahi kiasi cha kunikumbatia, na nimeshawaona wanaouliza kwa nini bado linauma. Kwa hiyo nilimwambia shangazi tutachanga, lakini kwanza tuulize.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maumivu ya goti, nyonga au mgongo yaliyovuka miezi 3, ambayo matabibu huyaita maumivu sugu, na wa ndugu anayembebea bahasha.

Hatua ya 1: Toa kwanza yale yasiyosubiri

Uamuzi wa kupasua au kutopasua goti lililochakaa unaweza kukaa miezi, na goti lisidhurike kwa kusubiri huko. Yapo mengine ambayo hayana kesho.

Ukiwa na maumivu ya mgongo, kisha mkojo ukakataa kutoka au ukaanza kutoka wenyewe, ukahisi ganzi sehemu za siri na makalioni pale panapogusa tandiko la baiskeli, au miguu ikalegea, nenda hospitali usiku huohuo. Huenda mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na saa zinahesabika. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mwili una homa, nalo ni la leo: huenda kuna usaha ndani ya kiungo, na usaha hula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu.

Halafu yapo ya kimyakimya. Maumivu ya mgongo yasiyopoa hata ukilala, yanayokuja na jasho la usiku na nguo kupwaya mwilini, yanadai kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo hukaa pia kwenye pingili za mgongo. Kwa wafugaji na wanywa maziwa mabichi, ongeza kipimo cha brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti au ya tezi dume asikubali kuambiwa "ni umri tu" kabla mifupa yake haijaangaliwa. Na mzee aliyeanguka, mguu ukaonekana mfupi na wayo umegeukia nje, huyo amevunjika nyonga. Usimchue wala usimlazimishe kutembea. Mpeleke.

Hatua ya 2: Hakikisha maumivu yanatoka pale unapoonyesha

Hapa ndipo bahasha ya shangazi ilipotuponza.

Daktari tuliyempata hakuanza na picha. Aliiweka bahasha juu ya meza, akamwambia, "Mama, tembea mpaka mlangoni urudi." Akamlaza kitandani, akakunja goti lile lile lililolaumiwa miaka mitatu, akalikunjua. Likaguna kidogo, shangazi akatulia. Kisha akalishika goti likiwa limekunjwa na kuuzungusha mguu kama anayekoroga chungu, wayo ukienda nje. Shangazi akaruka. "Hapohapo! Hapohapo, mwanangu!" Alichozungusha daktari ni nyonga. Maumivu ya nyonga husafiri na mshipa wa fahamu hadi gotini, na mgonjwa huapa kwamba goti ndilo linalomuua. Picha ya nyonga haikuwahi kupigwa hata mara moja.

Goti lake lilikuwa limechakaa kweli, picha hazikudanganya. Ila uchakavu unaoonekana kwenye picha na maumivu anayosikia mtu ni vitu viwili vinavyokutana mara nyingine na kupishana mara nyingine. Wapo wenye magoti mabaya kwenye picha wanaopanda mlima kwenda shamba, na wapo wenye picha safi wasiolala. Mgongo ndio kabisa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu ambao hawaumwi mgongo hata kidogo: miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, ile mito kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 ilifika asilimia 96. Ukipewa ripoti ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, iliyojaa maneno ya kutisha, muulize daktari: katika haya yote, lipi linalingana na maumivu yangu, upande wangu, na mguu wangu unaokufa ganzi? Lisilolingana liache kwenye karatasi.

Mambo mawili ya haraka. Eksirei ya goti ipigwe ukiwa umesimama, uzito ukiwa mguuni, maana ukilala nafasi kati ya mifupa huonekana nzuri kuliko ilivyo. Na kijana mwenye selimundu anayeumwa kinena au goti apigwe picha ya nyonga mapema, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa angali kijana. Kwa aliyewahi kumeza vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa muda mrefu, hivyohivyo.

Kuna jambo la tatu, nalo halipo kwenye picha yoyote. Maumivu yakikaa miaka, mfumo wa fahamu wenyewe hubadilika. Huwa kama alamu ya gari mtaani inayolia kila paka akipita. Dalili zake: maumivu yalianza gotini tu, sasa ni goti, bega, shingo na mikono, kuguswa kidogo tu kunauma, usingizi umekatika, moyo umekata tamaa. Maumivu hayo ni ya kweli, mgonjwa haigizi. Lakini kubadilisha goti hakuzimi alamu, na watu wa namna hii ndio ninaowakuta wodini wakilia miezi sita baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa. Wanahitaji tiba ya usingizi, ya sonona na ya mazoezi ya polepole kwanza.

Hatua ya 3: Andika daftari la wiki mbili

Daktari ana dakika chache na foleni ndefu. Ukimwambia "linauma sana" umemwambia kile alichokisikia kutoka kwa watu thelathini kabla yako. Mwambie maumivu yamekunyang'anya nini.

Shangazi hajui kuandika vizuri, akamwelekeza mjukuu. Nakumbuka mistari michache: *Jumatatu, nimeshindwa kukaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi amekuna Zai. Jumatano, nimeswali kwenye kiti. Alhamisi, usiku nimeamka mara tatu kugeuka. Ijumaa, choo cha nje, nimeshika ukuta kuinuka.* Daktari alilisoma daftari lile muda mrefu kuliko alivyoangalia picha.

Andika umbali unaotembea kabla ya kusimama (kwa alama unazozijua, kutoka nyumbani hadi dukani au hadi kituo cha daladala), ngazi, usiku, choo, viatu na soksi. Anayeshindwa kuvaa soksi, shuku nyonga yake. Andika pia vidonge vyote ulivyomeza siku hiyo, hata vile vya jirani.

Chini ya daftari andika jambo moja unalotaka kulirudia. Moja tu. Kama ni "kukaa chini kwenye mkeka nikune nazi", daktari akujibu kwa uaminifu kama upasuaji unaweza kukupa hilo. Goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120. Kuchuchumaa hadi chini kunahitaji zaidi ya hapo. Nimewaona watu waliotumia akiba ya maisha kupata goti, wakakuta choo cha kuchuchumaa nyumbani kimebaki adui, na hakuna aliyewaambia.

Hatua ya 4: Jiulize kama umejaribu kweli

Watu wengi wakisema "nimejaribu kila kitu" wana maana ya vidonge vya kila aina. Tuanze na hivyo.

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, imekuwa kama pipi. Inauzwa kila duka la dawa, inaitwa majina kumi, na mtu anaweza kuwa anameza aina mbili asijue ni kitu kimoja. Inatuliza, sikatai, kwa siku chache. Kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo zilizochoka, miezi na miezi ya diklofenaki ni hatari kubwa kuliko goti lenyewe. Jeli yake ya kupaka inasaidia goti bila kuipa figo na tumbo mzigo uleule, kwa hiyo anza na hiyo. Parasetamoli haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa goti nguvu yake ni ndogo. Unga au chupa isiyo na lebo "inayotibu yabisi" kwa siku mbili iogope: dawa inayoondoa maumivu ya miaka ghafla namna hiyo mara nyingi imetiwa steroidi, na uso utavimba kabla hujajua.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hupoza wiki kadhaa. Ina nafasi yake, mathalani kabla ya harusi ya mtoto. Ila utafiti mmoja uliochapishwa 2017 uliwachoma watu kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2, na mwishoni maumivu yao hayakuwa pungufu kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi, huku gegedu lao likiwa limepungua zaidi. Na kama upasuaji umekaribia, mwambie daktari wako ulichomwa lini. Sindano ndani ya miezi 3 kabla ya goti bandia huongeza hatari ya maambukizi.

Sasa yale ambayo kwa kweli hayajajaribiwa.

Mkongojo. Ushike mkono wa upande *mzima*. Goti la kulia likiuma, mkongojo uwe kushoto, na uende mbele pamoja na mguu mbovu. Karibu kila mtu anayeingia kliniki yetu ameushika upande mbaya, na tukimbadilisha anatembea hatua kumi na kushangaa. Urefu: simama, ning'iniza mkono, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Uzito. Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti takriban kilo nne katika kila hatua. Kilo 5 si nyingi, lakini hesabu hatua za kwenda sokoni na kurudi.

Mazoezi ya misuli ya paja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, sio siku nne. Kaa kwenye kiti imara, inuka bila kusukuma kwa mikono, kaa polepole, mara 10. Kisha ukiwa umekaa nyoosha goti mguu ubaki hewani, hesabu hadi tano, shusha. Kuuma kidogo kunaruhusiwa. Kama asubuhi ya pili maumivu yamerudi pale yalipokuwa, hujaharibu kitu. Kama yamezidi, punguza.

Denmark walifanya jaribio zuri lililotoka 2015. Watu 100 ambao goti lao lilistahili kubadilishwa waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu goti bandia pamoja na mazoezi, nusu mazoezi, lishe, soli maalumu, dawa na mafunzo tu. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, hilo lisifichwe. Lakini wale wengine nao walipata nafuu, madhara makubwa yalikuwa machache kwao, na kati ya 50 ni 13 tu walioomba upasuaji ndani ya mwaka huo. Mimi husoma matokeo hayo hivi: upasuaji una nguvu zaidi, na wengi wanaweza kuusogeza mbele.

Hatua ya 5: Jua ni upasuaji upi unaozungumziwa

"Oparesheni ya goti" si kitu kimoja.

Upo ule wa kamera, matundu mawili madogo, goti linaoshwa na kukwanguliwa. Unavutia kwa kuwa ni mdogo na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walisafishwa goti, wengine walichanjwa ngozi tu, wakashonwa, bila kuguswa ndani. Kwa miaka 2 ya kufuatiliwa, waliosafishwa hawakuwapita waliochanjwa ngozi. Finland nao mwaka 2013 wakafanya hivyohivyo kwa watu 146 wenye gegedu la goti, ile meniska, lililochanika kwa uchakavu, na matokeo yakafanana. Ukiambiwa goti lako lililosagika "lisafishwe tu kidogo", uliza linasafishwa ili iweje. Goti lililokwama kabisa, lisilokunjuka, au la kijana aliyeumia uwanjani, hilo ni suala jingine.

Goti bandia ni upasuaji mkubwa na, kwa mtu anayefaa, ni mojawapo ya tiba bora tulizonazo. Takwimu zilizokusanywa zinaonyesha magoti kama 82 kati ya 100 bado yapo mwilini baada ya miaka 25. Upande wa pili, takriban mmoja kati ya watano hubaki na maumivu ya kumsumbua au haridhiki. Maambukizi ndani ya kiungo hutokea kwa mmoja au wawili kati ya mia, na yakitokea yanaweza kudai upasuaji mwingine mmoja au miwili. Nyonga bandia huridhisha wengi zaidi kuliko goti.

Mgongo wenye diski inayobana mshipa, maumivu yakishuka mguuni: Waholanzi walifuatilia watu 283, wakatoa matokeo 2007. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwa hiyo swali linakuwa: unaweza kuvumilia miezi, au kibarua chako hakikuruhusu? Hilo daktari hawezi kukujibia. Maumivu ya mgongo mtupu, yasiyoshuka mguuni, mara chache hupata faida ya kisu.

Hatua ya 6: Ingia kwa daktari na maswali yaliyoandikwa

Hospitali zenye mabingwa wa mifupa, kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya KCMC Moshi, zina foleni, na ukitoka umesahau swali umesahau kwa miezi. Nenda na mtu wa pili. Mmoja asikilize, mwingine aandike.

Faida ninayoitarajia ni ipi, kwa lile jambo moja nililoandika? Hatari ni zipi kwa mtu wa umri wangu, mwenye sukari yangu na presha yangu? Kuna njia nyingine? Nisipofanya lolote kwa miezi 6, nini kitatokea? Wewe, au timu hii, mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi? Na bei: kifaa chenyewe kimo ndani, au tunakinunua kando? Bima inalipia nini hasa? Uliza pia mazoezi tiba baada ya upasuaji yatafanyikia wapi na kwa wiki ngapi, maana huko ndiko pesa zinakoishia watu wakiwa hawajalipangia.

Wapo wanaoona aibu kuuliza, wakidhani wanamdharau daktari. Daktari mzuri hufurahi. Akikasirika kwa swali la nne, tafuta rufaa ya maoni ya pili.

Hatua ya 7: Ukikubali, tengeneza mwili na nyumba

Sukari ishuke, presha itulie, damu iongezeke kama ni pungufu. Jino bovu ling'olewe kabla, kidonda cha mguuni kipone kabla, sigara iachwe kabla. Bakteria wa jino na wa kidonda husafiri hadi kwenye chuma kipya. Kama hujawahi kupima selimundu, pima. Anza yale mazoezi ya kiti sasa hivi, kwani paja lenye nguvu huamka mapema.

Nyumbani, tafuta kiti cha choo, hata cha plastiki cha kuweka juu ya tundu. Inua kitanda kwa matofali kama ni kifupi. Kwa nyonga bandia hili ni la lazima: wiki za mwanzo usikae chini kiasi cha goti kupita urefu wa kiuno, nyonga mpya inaweza kuteguka. Kibao cha mbuzi, kigoda, na mkeka viondoke chumbani, maana mkono wa mazoea utavifuata.

Shangazi alikaa miezi minane na mkongojo wa kushoto, akapungua kilo sita, akalala vizuri zaidi, na bado nyonga ikamshinda. Akaamua mwenyewe. Asubuhi ya upasuaji daktari mdogo alikuja na kalamu nyeusi kuchora alama, kama inavyotakiwa, mgonjwa akiwa macho. Akachora mshale juu ya paja la kulia.

Shangazi akauinamia ule wino. "Mwanangu, hapo ni nyonga, si goti?"

"Nyonga, mama."

"Haya," akasema, akajilaza. "Endelea."